Injinia Anakagua Boiler

Baba yangu aliamini mimi ni injinia. Si kosa lake. Mimi ndiye niliyemwambia, na kwa miaka kumi na mmoja sikupata siku nzuri ya kumwambia vinginevyo. Nilikuja Birmingham kusomea uhandisi wa mitambo, nikasoma mwaka mmoja na nusu, na kila jioni nikawa naosha vyombo katika mgahawa wa Kiitaliano kando ya mfereji, katikati ya jiji. Mwaka wa pili nikakata vitunguu. Wa tatu nikasimamia moto. Siku hizi jiko lote liko chini yangu, nina watu sita wanaonyamaza nikiinua kisu, na mtambo pekee ninaoujua vizuri ni ule wa kusaga nyama.

Baba, Mwalimu Bethuel, ni mwalimu mkuu mstaafu na mzee wa kanisa la Marafiki, yaani Quaker, kule Vihiga. Kijiji kizima kinamwita Baba Injinia, na analipenda jina hilo kuliko lake mwenyewe. Isitoshe, ni mtu wa kizamani. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili alinikuta jikoni na mama nikigeuza kuku kwenye sufuria, akaninyang'anya mwiko, akanitoa nje kwa sikio majirani wakitazama. Alisema mwanamume haingii jikoni ila nyumba ikishika moto. Kesho yake, Baba alipokwenda shule, mama aliniita tukaendelea tulipoachia. Sikuwa na dada, na mama hakuwa mtu wa kuacha mikono mizuri ikae bure.

Basi Juni hii Baba akaja kututembelea, miaka miwili baada ya kumzika mama. Alikuwa amekonda. Koti la suti lilikuwa likimpwaya mabegani, nami nikasema ni safari ya ndege. Kulala kwangu haikuwezekana, maana kwetu mzee wa aina yake halali katika nyumba ya mwanawe aliyeoa, kwa hiyo akafikia mtaa wa Stechford kwa binamu yangu Barnabas. Jumapili yake ya mwisho ndiyo tuliyopanga aje kula kwangu, Saltley.

"Mwambie ukweli," Wambui akasema. Wambui ni mke wangu, nesi, Mkikuyu wa Nyeri, na uongo humkereketa kooni kama mwiba wa samaki.

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Akishafika Nairobi."

Akaniangalia vile anavyoangalia mgonjwa aliyeficha dawa chini ya ulimi. Hata hivyo alikubali. Mpango ulikuwa hivi: mimi nipike, yeye asifiwe. Unaweza kuniuliza kwa nini nisimwache apike mwenyewe githeri yake ya mahindi na maharagwe na mambo yaishe. Kwa sababu nilitaka Baba ale chakula changu. Nilikuwa nimelisha maelfu ya watu nisiowajua, wengine wakanitumia salamu jikoni, na mtu huyo mmoja hakuwa amewahi kuonja hata mchuzi wangu. Nilitaka ale, anyamaze, kisha aongeze sahani. Asiponijua, basi. Ale tu.

Nikachagua kuku ambaye Waitaliano humwita kuku wa mwindaji, ingawa sijawahi kusikia mwindaji aliyerudi nyumbani na kuku. Ni chakula cha shambani, hakina maringo. Nilimpata kuku mgumu, mmoja wa hao kuku wa mayai waliostaafu, kwa sababu kuku laini wa dukani huyeyuka kabla mchuzi haujapata akili. Nilimkata nikiwa nabishana na Wambui, bila kutazama sana mikono inafanya nini. Firigisi niliitenga, kwani kwetu firigisi ni ya mkubwa wa nyumba, na siku hiyo mkubwa alikuwa Baba. Nikakaanga vipande kwenye mafuta ya zeituni hadi ngozi ikawa rangi ya chai ya rangi, nikavitoa. Katika mafuta yaleyale nikatia kitunguu, karoti na pilipili hoho, nikavipa muda. Kitunguu saumu kikafuata, kisha nyanya na tawi la rozmari kutoka kwenye chungu kilicho uani. Mapishi yenyewe yanataka divai. Mzee wa kanisa la Marafiki halishwi divai, hata iliyochemka ikaisha, kwa hiyo nikatia supu ya kuku na siki kidogo. Kuku akarudi ndani pamoja na firigisi, nikapunguza moto.

Waitaliano hula mchuzi huo na kitu cha unga wa mahindi wanachokiita polenta. Ni ugali, ila haujakaza. Mimi nilipanga kuupika ukaze.

"Rudia," nikamwambia Wambui.

Alikuwa amesimama na mikono kiunoni. "Nimekaanga kuku kwanza. Nikamtoa. Kitunguu, carrots, hoho. Garlic. Nyanya. Kuku anarudi, moto mdogo, two hours."

"Na zeituni?"

"Olives mwanzo."

"Mwisho, Wambui. Zeituni mwisho."

"Arnold, mimi hupatia watu dawa ya moyo kila siku na hakuna mwenye ameaga dunia. Usinisumbue na olives."

Tulimwalika Baba saa kumi na moja. Kengele ikalia saa kumi kasorobo. Nilipaswa kujua. Kwa miaka thelathini huyu ndiye aliyekuwa akisimama langoni mwa shule kabla ya mlinzi. Nilivua aproni nikamvalisha Wambui kinyume, nikanawa mikono, nikaruka sebuleni nikaketi na gazeti. Binti yetu Kageha, mwenye miaka minane na jina la mama yangu, akafungua mlango. Barnabas akapunga mkono kutoka kwenye gari na kuondoka, akiwa amechelewa zamu yake ya kutunza wazee.

"Injinia," Baba akasema, akiketi.

"Karibu, Baba."

Tukaongea habari za mvua, za kanisa, za ng'ombe aliyezaa. Kwa sikio moja nilimsikiliza Baba, kwa la pili nilisikiliza sufuria. Mpishi hujua kwa sauti. Mchuzi ulikuwa unachemka kwa kasi, ikimaanisha Wambui alikuwa ameongeza moto, ikimaanisha nyanya zilikuwa karibu kushika chini. Nilivumilia hadi nikaanza kutokwa na jasho.

"Samahani, Baba. Kuna boiler ya maji moto jikoni, nataka kuikagua."

"Nenda, nenda," akasema kwa fahari. "Kazi ni kazi."

Nilipunguza moto, nikakoroga, nikamkemea Wambui kwa kunong'ona, nikarudi. Baada ya dakika kumi nikanusa rozmari imezidi. Nikaenda kuikagua boiler tena, nikatoa tawi. Mara ya tatu nilikwenda kwa sababu ya chumvi.

"Hiyo boiler ina ugonjwa gani?" Baba akauliza.

"Presha, Baba."

"Mzee kama mimi, basi."

Kageha alikuwa chini kwenye zulia akichora. Aliinua macho, akanitazama, akatikisa kichwa na kuendelea kuchora.

Hapo Baba akaomba njia ya msalani. Lazima nieleze nyumba zetu hizi za Saltley. Sebule iko mbele, jikoni nyuma, na bafu pamoja na choo viko nyuma ya jikoni, kana kwamba aliyezijenga aliahidiwa kwamba humo hataishi kamwe mtu mwenye wakwe. Baba hawezi kupita jikoni ambamo mke wa mwanawe anapika. Hata kumkaribia ni aibu. Kwa hiyo nikatangulia kumwondoa Wambui, naye akatoka kwa mlango wa nyuma akasimama uani kando ya mapipa ya taka na mwiko wake mkononi, na jirani Sunita akamuuliza kutoka ng'ambo ya uzio kama kuna tatizo.

Nikarudi sebuleni. Nikasikia choo kikivutwa, maji ya bomba, mlango. Kisha kimya. Kisha nikasikia mfuniko wa sufuria ukilia.

Mwalimu Bethuel alikuwa amefunua sufuria. Mtu aliyenivuta sikio kwa kugeuza kipande cha kuku alikuwa amesimama jikoni kwangu akichungulia mchuzi, na alikaa huko muda wa mtu kusoma barua. Aliporudi aliketi, macho yakiwa kwenye mlango wa jikoni. Nikajua amenusa njama.

Chakula kikaja. Wambui alikiweka mezani akaenda kukaa mwisho kabisa, upande wa dirisha, macho chini. Kwetu baba mkwe na mke wa mwana hawazoeani, hawapeani mikono, na wakiwa pamoja maneno hupitia kwa mtu wa katikati. Mtu wa katikati nilikuwa mimi. Baba akaomba, sala ndefu iliyopita kwa wagonjwa wote wa Vihiga. Akakata ugali, akachovya, akatafuna.

"Mh," akasema. Akachovya tena.

Ile "mh" ningeiweka kwenye fremu. Nilikuwa nimeanza kutabasamu aliponigeukia.

"Muulize mama Kageha. Kitunguu alitia kabla ya kuku au baada?"

Nikamgeukia mke wangu, mita moja na nusu kutoka kwa Baba. "Baba anauliza, kitunguu ulitia kabla au baada?"

"Mwambie Baba ni baada," Wambui akasema. Vizuri.

"Muulize, anajuaje kwamba kuku mgumu kama huyu ameiva?"

"Anauliza unajuaje ameiva."

Wambui akafikiri. "Mwambie ni saa. Naangalia saa."

Nikatamani kulia. Saa haijui kitu. Unabonyeza paja, nyama inaachia mfupa yenyewe. Lakini nikaifikisha saa hiyo kwa Baba, naye akaitikia kwa kichwa polepole.

"Na nyanya, mbona hazikuungua chini?"

"Mwambie Baba nilikuwa nakoroga bila kuacha."

Bila kuacha! Kuku ambaye hakorogwi ila mara nne, asije akavunjika. Nikafikisha. Nilikuwa nayaona mambo sasa wazi. Hivi ndivyo alivyokuwa akiwanasa watoto walioiba mtihani: haulizi kama umeiba, anakuuliza swali moja baada ya jingine kwa upole hadi unajifunga mwenyewe. Aliendelea kula huku akiuliza. Akaongeza sahani, na hata hiyo niliyoisubiri maisha yangu yote sikuweza kuifurahia.

"Na hivi vyeusi," akasema, akiinua zeituni kwa kijiko. "Vinatiwa lini?"

"Baba anauliza zeituni."

"Mwanzo," Wambui akasema, kwa sauti ya mtu mwenye hakika. "Mwambie Baba, olives ni mwanzo kabisa, pamoja na kitunguu."

"Zeituni ni mwisho," nikasema. "Mwisho. Ukizitia mwanzo mchuzi wote unakuwa mchungu na chumvi inakushinda, nimewaambia watu hawa mara mia, kila wiki nawaambia, dakika kumi kabla ya kuepua, na bado mtu ananitilia zeituni na kitunguu."

Wambui akafunika macho kwa mkono.

"Can Daddy stop pretending now?" Kageha akauliza. "Yeye ni head chef, Babu. Everybody knows."

Baba alikuwa ameielewa firigisi kabla ya sisi kuielewa hali yetu. Aliitafuna hadi mwisho, akafuta vidole kimoja kimoja.

"Nilijua nilipofunua sufuria," akasema. "Mgongo wa kuku huyu haukukatwa kwa kisu. Umevunjwa kwa mkono pale kiunoni, na mkia ukaachwa na kipande cha chini. Firigisi imefunguliwa upande mmoja tu. Nimekaa kwenye ndoa miaka arobaini na mitatu na nimemwona mtu mmoja akifanya hivyo. Mama Kageha ni wa Nyeri. Angefundishwa na nani?"

Nilitazama sahani. Ilikuwa kweli. Mgahawani nakata kuku vipande vinane sawasawa kwa dakika mbili, na kwa kuku wa Baba mikono yangu ilikuwa imerudi kwa mama bila kuniaga.

"Mimi si injinia, Baba," nikasema. Nina miaka arobaini na mmoja na sauti ilitoka ya mtoto wa darasa la sita. "Ni mpishi. Sikumaliza masomo. Nilikudanganya kwa sababu nilikuogopa, na sasa naona haya."

Akainuka. "Twende jikoni," akasema. "Wewe na mimi."

Nilimfuata kama mtu anayekwenda kuchapwa. Akafunga mlango nyuma yetu, akaujaribu kama umeshika, akasimama akiangalia jiko la gesi.

"Hiyo boiler ni nzima?"

"Ni nzima, Baba."

"Nilidhani hivyo." Akavuta kiti. "Mama yako alipokwenda, majirani waliniletea chakula miezi mitatu. Watu wana kazi zao, wakaacha. Nikaandika msichana, akaolewa. Tangu hapo najipikia. Nafunga mlango, nafungua redio kwa sauti ili wapitao njiani wasisikie sufuria. Watu wanadhani nimekuwa mpenzi wa taarifa ya habari."

Nikataka kucheka, kisha nikaliona lile koti linavyompwaya.

"Ugali wangu una maji," akaendelea. "Mchuzi unaungua chini na juu ni mbichi. Kuku nimechinja mara tatu, na mara zote tatu ameliwa na mbwa. Jioni nyingi nakula mkate na chai. Nilikuwa namuuliza mama Kageha maswali kwa sababu sijui. Nikadhani nikisikiliza vizuri nitakwenda nalo hili nyumbani."

"Hukuwa unanitega?"

"Kukutega nini? Nilikuwa najifunza, na mwalimu mwenyewe anajibu ovyo."

Hapo nikacheka, na yeye akacheka, cheko lile la kifuani ambalo sikulisikia tangu mazishi. Kisha akaacha.

"Siku ile nilipokutoa kwa mama yako, alininunia wiki mbili," akasema. "Sikumuuliza sababu. Nilikosea, Arnold. Nilikosa kwake na nilikosa kwako."

Baba yangu hakuwa amewahi kuniambia hivyo. Nikamwambia nimesikia, asante, Baba. Nilihisi mzigo ambao nimeubeba miaka kumi na mmoja ukiteremka mgongoni, na chini yake nilikuwa na furaha tu, furaha ya kitoto kabisa.

"Nionyeshe," akasema. "Kuanzia kumkata. Nasafiri keshokutwa."

"Kuku ameisha."

"Hawauzi?"

Jumapili jioni Alum Rock Road haijui kama ni Jumapili. Tulitembea dakika kumi, Baba katika suti yake na Kageha akimshika mkono, jua likiwa bado juu, maduka ya vitambaa na ya simu yakiwa wazi na magari yakipigiana honi. Katika bucha kulikuwa na foleni, na mbele yetu nani, kama si Audrey. Audrey ni mtu wa kwetu kabisa, dada yake anaimba kwaya katika kanisa la Baba, na habari ikimwingia Audrey jioni huwa Vihiga kabla ya kifungua kinywa. Wakenya wengi hununulia hapo mbuzi, lakini sikuwa nimemtegemea. Nikajaribu kugeuka. Alikuwa ameshatuona.

"Ai, Baba Injinia," akasema, akiinama kumsalimia kwa mikono miwili. "Karibu sana Birmingham. Na mbona wanaume wawili buchani? Wambui amewatuma?"

Nilifungua mdomo kusema ndiyo. Ingetosha. Wambui ametutuma, basi, na Baba angerudi nyumbani na jina lake zima.

"Hatujatumwa na mtu," Baba akasema. Aliongea kwa sauti ya gwarideni, na foleni nzima ikageuka, hata wasiojua Kiswahili. "Na usiniite Baba Injinia tena. Huyu si injinia, ni mpishi, jiko zima ni lake. Amenipikia leo na nimekula sahani mbili. Sasa tunanunua kuku anifundishe kupika, kwa sababu nakaa peke yangu na sijui."

Audrey, ambaye sijawahi kumwona akikosa neno, akakosa. Kisha akasema, "Sawa, Baba," kwa heshima tele, akatupisha mbele ya foleni.

Mwenye bucha akamweka kuku kwenye ubao, akainua panga, akauliza kama amkate.

"Hapana," Baba akamjibu kwa Kiingereza chake cha ualimu. "Mwanangu atamkata."

Nikatoa kadi nikalipa, na niliendelea kuiangalia ile mashine ya malipo kwa muda baada ya kulia kwamba imepokea, hadi Kageha akanivuta shati.